Mota ya Umeme: Bei ya Dukani na Bei ya Kila Siku

Siku hizi mtu akipita katika mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma husikia kinu cha posho kikinguruma wala haoni moshi wa dizeli. Nguzo za umeme zimefika Tongaren, Ndalu na Naitiri, na zimefika vijiji vingi vilivyo nje ya mji wa Kitale. Mahali pengi palipokuwa na injini, sasa pana mota.

Pamoja na mota limekuja swali jipya. Mkulima, au kikundi cha wakulima waliochanga fedha zao, huenda dukani akaonyeshwa mota mbili. Zote zimeandikwa nguvu moja, farasi 10. Zote zimepakwa rangi nzuri. Lakini tuseme ya kwanza ni shilingi 45,000 na ya pili ni shilingi 65,000. Muuzaji husema kwamba hii ya pili haili umeme mwingi. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, yafaa kuongeza shilingi 20,000 kwa ajili ya jambo lisiloonekana kwa macho?

Wengine watajibu upesi kwamba kitu ghali ndicho kizuri. Wengine watasema mota ni mota, bora izunguke. Majibu yote mawili yaweza kumtia mkulima hasara. Mota ile ile huweza kuwa ununuzi wa busara kwa jirani yako na ununuzi mbaya kwako. Jambo linaloamua ni saa ambazo mota itafanya kazi kwa mwaka. Katika makala haya tutaonyesha hesabu yenyewe, ili kila mtu aifanye mwenyewe kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Umeme ulivyotufikia

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, Uganda, na tangu mwaka 1958 umeme wake ulianza kuletwa Kenya. Miaka michache baadaye, tangu 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalianza kugawanywa kwa wakulima wa Kiafrika kwa Mpango wa Ekari Milioni Moja. Mkulima aliyepewa shamba wakati huo alipata ardhi na deni la ardhi, lakini kwa kawaida hakupata umeme. Mpango wa kupeleka umeme mashambani ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2015 ulianza mpango mwingine mkubwa wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma.

Kwa hiyo wazee wetu walijua sana hesabu ya dizeli. Pipa likiisha waliliona limeisha. Umeme hauonekani hivyo. Hupita katika waya kimya, nao ukipotea hupotea kimya vilevile. Methali yetu yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mota ni mali inayohitaji daftari kuliko injini.

Mota hupoteza nini?

Kazi ya mota ni kuchukua umeme na kuugeuza uwe nguvu ya kuzungusha. Hakuna mota inayogeuza umeme wote. Sehemu fulani huwa joto tu, na ndiyo maana mota iliyofanya kazi huwa na moto ukiigusa. Ikiwa mota imepokea uniti 100 na kutoa kazi ya uniti 86, basi uniti 14 zimepasha hewa joto. Twasema ufanisi wake ni asilimia 86. Uniti zote 100 zitalipiwa.

Umeme hupotea katika sehemu nne zilizo kubwa. Ya kwanza ni waya uliosukwa ndani ya mota, yaani koili. Waya mwembamba huzuia umeme na kupata joto, kama vile mfereji mwembamba unavyozuia maji. Ya pili ni fito zilizo ndani ya rota, ile sehemu inayozunguka. Ya tatu ni chuma chenyewe. Sumaku ndani ya mota hugeuka mara nyingi kwa kila sekunde, na kila ikigeuka chuma hupata joto. Ya nne ni msuguano wa beringi na kazi ya feni inayopoza mota.

Mota nyingi tunazotumia ni za namna iliyovumbuliwa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Nikola Tesla alipata hataza zake za mota hizi huko Marekani mwaka 1888, na mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya fito. Namna hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi watengenezaji wanavyochagua kati ya gharama na ufanisi.

Kwa nini mota zote zisiwe nzuri?

Mkulima aweza kuuliza: ikiwa watu wanajua umeme unapopotea, kwa nini wasitengeneze mota isiyopoteza? Jibu ni kwamba kila tiba ina bei yake.

Ukitaka kupunguza joto la koili, tia waya wa shaba ulio mnene zaidi. Lakini shaba ni ghali. Watengenezaji wengine hutumia alumini, iliyo rahisi na nyepesi, lakini waya wa alumini huzuia umeme kiasi cha mara 1.6 kuliko waya wa shaba wa unene ule ule. Tena, waya mnene huhitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya chuma, na chuma kikichimbwa sana hubaki kidogo mno kwa kazi ya sumaku. Basi mota nzima huna budi kuifanya ndefu zaidi au nene zaidi, na chuma nacho huongezeka.

Ukitaka kupunguza joto la chuma, usitumie chuma cha kipande kimoja. Tumia bati nyembamba zilizopangwa pamoja kama kurasa za kitabu, kila bati ikitengwa na mwenzake kwa rangi maalum. Bati nyingi huwa na unene wa nusu milimita hivi. Bati nyembamba zaidi, za chuma kilichochanganywa na silikoni, hupoteza umeme kidogo zaidi, lakini kuzitengeneza na kuzipanga ni kazi kubwa na gharama kubwa.

Fito za rota nazo kwa kawaida ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa. Shaba ingekuwa bora, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za joto, na shaba kwenye nyuzi 1,085. Vyombo vya kumiminia shaba huharibika upesi, na gharama hupanda.

Hata nafasi ndogo ya hewa iliyo kati ya rota na sehemu isiyozunguka ina hesabu yake. Ikiwa ndogo, sumaku hufanya kazi vizuri. Lakini ikiwa ndogo mno, beringi ikilegea kidogo tu rota itakwaruza ukuta na mota itakufa. Kuikaribisha bila hatari kwahitaji mashine za kukata chuma kwa usahihi mwingi, na beringi nzuri.

Kwa hiyo mota rahisi si lazima iwe mota ya udanganyifu. Huenda mtengenezaji alichagua kuokoa fedha zake za shaba na chuma, akamwachia mnunuzi gharama ya umeme. Watengenezaji wengi wa Marekani na Ulaya walifanya hivyo miaka ile umeme ulipokuwa na bei ndogo. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, nchi nyingi zilianza kufikiri upya, na baadaye zikatunga sheria. Leo mota hupangwa kwa madaraja ya kimataifa yaitwayo IE1, IE2, IE3 na IE4. IE1 ndilo daraja la chini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021 mota nyingi za fezi tatu zinazouzwa kwa mara ya kwanza hazina budi kufika IE3. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2016 kuhusu ufanisi wa vyombo vya umeme zinazihusu pia mota za fezi tatu.

Hesabu ya kinu cha posho

Sasa na tuchukue kalamu. Farasi 10 ni sawa na kilowati 7.5 hivi. Kwa mota ya nguvu hiyo yenye mwendo wa kawaida wa mizunguko karibu 1,450 kwa dakika, daraja la IE1 lina ufanisi wa asilimia 86.0, na daraja la IE3 lina asilimia 90.4.

Ili kujua umeme unaoingia, gawanya kilowati 7.5 kwa ufanisi. Mota ya IE1 hula kilowati 8.72, na mota ya IE3 hula kilowati 8.30. Tofauti ni kilowati 0.42. Yaonekana ni kitu kidogo, kama taa chache tu.

Lakini tuseme kinu ni cha kikundi cha wakulima 20, nacho kinasaga kwa saa 6 kila siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,800. Tuseme pia uniti moja ni shilingi 25. Bei hiyo ni ya mfano tu, kwa maana malipo ya uniti hubadilika kila mwezi. Kila mtu atumie bei aliyolipa mwenyewe, yaani fedha alizotoa zigawanywe kwa uniti alizopata.

Mota ya IE1 itakula uniti 15,696 kwa mwaka, sawa na shilingi 392,400. Mota ya IE3 itakula uniti 14,940, sawa na shilingi 373,500. Tofauti ni shilingi 18,900 kwa mwaka mmoja. Shilingi 20,000 zilizoongezwa dukani zitarudi katika muda wa miezi 13 hivi, na baada ya hapo akiba ni ya kikundi, mwaka baada ya mwaka.

Tazama jambo jingine katika hesabu hii. Mota ya shilingi 45,000 ikidumu miaka 10 itakula umeme wa karibu shilingi milioni 4. Katika kila shilingi 100 zitakazotumika kwa mota hiyo, bei ya dukani haifiki hata shilingi 2. Nasi tulikuwa tukibishana na muuzaji saa nzima juu ya hizo 2, tukasahau zile 98.

Ni haki kusema kwamba kinu hakifanyi kazi kwa nguvu zote wakati wote. Wateja wakiwa wachache, au mahindi yakimiminwa polepole, mota hula umeme kidogo, na akiba nayo hupungua. Ikiwa kinu kinasaga saa 2 tu kwa siku, akiba ya mwaka itakuwa shilingi 6,300, na fedha zitarudi baada ya miaka mitatu na kidogo. Bado si hasara, lakini si jambo la haraka tena.

Hesabu ya mashine ya kukata majani

Sasa tumwangalie mkulima mwingine, mwenye ng'ombe 3 wa maziwa. Ana mashine ya kukatia majani ya napier na mabua ya mahindi. Mota yake ni ya kilowati 2.2, yaani farasi 3 hivi, nayo hufanya kazi kwa nusu saa kila siku. Kwa mwaka ni saa 182 na nusu tu.

Mota ya fezi tatu ya nguvu hiyo katika daraja la IE1 ina ufanisi wa asilimia 79.7, na katika daraja la IE3 ni asilimia 86.7. Ukitazama asilimia peke yake utaona tofauti hapa ni kubwa kuliko ile ya kinu! Lakini fanya hesabu. Ya kwanza hula kilowati 2.76, ya pili 2.54. Tofauti ni kilowati 0.22. Kwa mwaka mzima akiba ni uniti 40, yaani shilingi 1,000.

Tuseme mota bora imezidi kwa shilingi 9,000. Itamchukua mkulima huyu miaka 9 kurudisha fedha zake. Na ikiwa amekopa hizo 9,000 kwa riba ya shilingi 15 kwa kila 100 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 1,350. Riba ni kubwa kuliko akiba. Mkulima huyu amenunua ufanisi kwa hasara.

Kwake yeye ni afadhali achukue mota ya bei ndogo iliyo imara, na fedha zilizobaki anunue swichi ya kukinga mota isiungue, anoe visu vya mashine, au anunue mbolea kabla ya mvua za Machi. Kikundi chenye kinu, kikikopa shilingi 20,000 kwa riba ile ile, kitalipa riba ya shilingi 3,000 na kuokoa 18,900. Hapo mkopo una maana.

Basi hii ndiyo kanuni: zidisha tofauti ya kilowati kwa saa za mwaka, kisha kwa bei ya uniti. Linganisha jibu na fedha unazoongezwa dukani. Fedha zikirudi katika miaka miwili au mitatu, chukua mota bora. Zikichelewa kuliko hapo, fikiri mara mbili kama hakuna kazi nyingine shambani ambayo shilingi hiyo ingeifanya vizuri zaidi.

Kusoma kibao cha mota

Usiamini rangi wala maneno. Kila mota halali ina kibao kidogo cha chuma kilichoandikwa kilowati, volti, ampia, mizunguko kwa dakika na kipimo kiitwacho kosi fai, ambacho huwa chini ya 1. Mota nyingi mpya huandikwa pia daraja la IE. Ikiwa daraja halikuandikwa, unaweza kukisia ufanisi kwa hesabu.

Kwa mota ya fezi tatu, zidisha 1.732 kwa volti, kwa ampia, kisha kwa kosi fai. Utapata wati zinazoingia. Mfano: kibao kimeandikwa kilowati 7.5, volti 415, ampia 14.5, kosi fai 0.83. Ukizidisha utapata wati 8,650. Gawanya wati 7,500 zinazotoka kwa 8,650. Jibu ni asilimia 86.7. Mota hiyo imepita IE1 kidogo, haijafika IE3, hata muuzaji akisema nini.

Kama duka lina mizani, pima pia uzito. Mota mbili za nguvu moja na mwendo mmoja, zenye mwili wa namna moja, zikitofautiana sana kwa uzito, yafaa kuuliza ni nini kilichopunguzwa katika ile nyepesi. Uliza wazi kama koili ni ya shaba au ya alumini, na jibu liandikwe kwenye stakabadhi.

Waya unaokula akiba

Wakulima wengine hununua mota nzuri, kisha huivutia umeme kwa waya mwembamba. Hapo ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa na kumkamulia katika ndoo iliyotoboka.

Tuseme kinu kiko mita 60 kutoka kwenye mita ya umeme, na mota inavuta ampia 14.5. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba utapoteza wati 265 hivi njiani. Waya wa milimita 6 za mraba utapoteza wati 110. Tofauti ni wati 155. Kwa saa 1,800 ni uniti 279, karibu shilingi 7,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya akiba yote ya mota bora. Tena, waya mwembamba hupunguza volti zinazoifikia mota, na mota yenye mzigo ikikosa volti huvuta ampia zaidi na kuungua.

Kujenga chumba cha kinu karibu na mita ni akiba isiyohitaji hesabu nyingi. Kazi yote ya waya ifanywe na fundi mwenye leseni.

Mota iliyosukwa upya

Mota ikiungua, wengi huipeleka kwa fundi akaisuka koili mpya. Hilo si kosa, na mara nyingi ni rahisi kuliko kununua mpya. Lakini kuna fundi na fundi.

Fundi mbaya huitupa mota katika moto wa kuni ili rangi ya koili ya zamani iungue na waya utoke kwa urahisi. Moto huo huunguza pia ile rangi inayotenga bati za chuma, na tangu siku hiyo chuma hupata joto zaidi kila mota inapozunguka. Mwingine hukosa waya wa unene ule ule akatia mwembamba, au hupunguza mizunguko ya koili. Mota itazunguka, kinu kitasaga, mwenyewe atafurahi. Hasara itaonekana kwenye uniti tu, na mwenye kinu asiyeandika hataijua.

Kabla ya kuacha mota yako, mwambie fundi akuonyeshe unene wa waya wa zamani na idadi ya mizunguko yake, na umwambie kwamba utataka vitu hivyo hivyo. Mota ndogo ya bei ndogo iliyokwisha kusukwa mara mbili au tatu, na inayofanya kazi kutwa nzima, mara nyingi ni afadhali kuibadilisha.

Hewa ya Kitale na mambo mengine

Mota kwa kawaida hupimwa kwa matumizi ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, na Kitale karibu mita 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, nayo hupoza mota kidogo. Bahati yetu ni kwamba hewa yetu pia ni ya baridi, na baridi hiyo hufidia. Lakini haifidii ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa, jua la saa nane likiwaka juu na vumbi la unga likiziba feni. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto la koili likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya koili hupungua nusu. Mota yenye ufanisi hutoa joto kidogo, na hiyo ni faida ya pili juu ya uniti. Hata hivyo, madirisha mawili na ufagio hugharimu kidogo kuliko mota.

Wenye pampu za maji wasikilize jambo hili. Mota yenye ufanisi mkubwa huzunguka kwa mwendo wa juu kidogo. Ikiwa mota ya zamani ilizunguka mara 1,440 kwa dakika, na mpya huzunguka mara 1,460, pampu ya kuzungusha maji itadai nguvu zaidi kwa asilimia 4 hivi. Maji yataongezeka kidogo, lakini umeme utaongezeka zaidi, na akiba uliyoinunua yaweza kupotea karibu yote. Kwa kinu cha mkanda, fundi hurekebisha kwa kubadilisha puli. Kwa pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota, uliza kwanza.

Jambo jingine ni kwamba mota nyingi za ufanisi mkubwa huvuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza. Mahali penye laini dhaifu, taa za majirani zitafifia, na huenda mota ikashindwa kuanza. Swichi ya kuanzisha mota kwa hatua mbili husaidia, na kinu kianzishwe kikiwa kitupu, mahindi yamiminwe baadaye.

Mwisho, usinunue nguvu zisizo na kazi. Wako wanaochukua mota ya farasi 15 kwa kazi ya farasi 5, wakidhani wamejiwekea akiba. Mota inayofanya kazi chini sana ya nguvu zake hupoteza ufanisi wake, hata ikiwa ya daraja la juu.

Mambo ya kukumbuka

1. Andika saa ambazo mashine itafanya kazi kwa mwaka kabla ya kwenda dukani.

2. Soma kibao. Tafuta daraja la IE, au fanya hesabu ya wati zinazoingia na zinazotoka.

3. Zidisha tofauti ya kilowati kwa saa na kwa bei ya uniti yako, kisha linganisha na fedha unazoongezwa, pamoja na riba ikiwa umekopa.

4. Mashine ya kutwa nzima, kama kinu cha posho au tangi la kupoza maziwa, yastahili mota bora. Mashine ya nusu saa kwa siku yaweza kuridhika na ya bei ndogo, mradi ni imara na ina kinga.

5. Usiharibu mota nzuri kwa waya mwembamba, chumba kisicho na hewa, au fundi wa moto wa kuni.

6. Weka daftari karibu na kinu. Kila wiki andika uniti zilizotumika na magunia yaliyosagwa. Uniti kwa kila gunia zikianza kupanda, jua kuna kitu kimeharibika: nyundo zimechakaa, chujio limeziba, beringi imekwisha, au mota imeanza kuchoka.

Kikundi kikikutana mwisho wa mwaka kugawana faida, kila mwanachama ana haki ya kuliona daftari hilo. Fedha zilizopotea kama joto haziwezi kugawanywa. Wanachama wakijua hesabu ya uniti, wataweza pia kuamua kwa pamoja kama bei ya kusaga gorogoro moja ni ya haki kwa mama anayeleta mahindi yake, na kama kuna fedha za kuweka kando kwa siku mota itakapohitaji kubadilishwa.

Mwenye swali kuhusu mashine za shambani na amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yake, na akumbuke kwenda na namba zilizoandikwa kwenye kibao cha mota yake.